Mikono Niliyokunyooshea Jumapili Ile

Mwanangu Riziki,

Salamu nitaziruka, maana asubuhi tumekunywa chai pamoja na nimekuona u mzima. Sasa wewe na mama yako mmekwenda madukani kununua blanketi, na kwa jinsi ninavyomjua mama yako, atapapasa kila blanketi lililoko Erdington kabla ya kukubali moja. Kwa hiyo nina saa mbili. Sanduku lako liko karibu na mlango. Sufuria uliyoitoa jana, ukisema ni nzito, nimeirudisha ndani. Barua hii nitaiweka ndani ya sufuria hiyo, chini ya mfuko wa unga. Najua hutapika siku ya kwanza. Utapika siku ya tatu, utakapochoka na mkate, na hapo ndipo utakaponisoma.

Sitakuandikia habari za koti, wala za kufunga mlango, wala za kutafuta kanisa. Mama yako ameyasema hayo kwa wiki tatu, na mchungaji ameongeza yake. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni jicho la mama yako.

Jumamosi iliyopita mlikuwa jikoni mkikunja nguo. Mimi nilikuwa sebuleni, mlango u wazi. Mama yako alikuuliza kwa nini unakwenda kusoma mbali mpaka Newcastle, ilhali chuo cha Selly Oak nacho kimekupa nafasi, na treni ya hapa Erdington inafika huko bila kubadilisha. Alikuwa akitania kidogo. Alisema ungerudi kila jioni kula sombe yake ya kisamvu. Ukamjibu kwa Kiingereza, kama unavyojibu siku zote, na hukupunguza sauti, kwa kuwa ulijua Kiingereza hakinifikii. Ulisema, "Mama, Baba hajanisamehe. Nimekaa miaka minne katika nyumba hii nikingoja aseme. Nimechoka kungoja."

Mama yako akaacha kukunja. Akakujibu kwa Kiswahili chake cha Uvira, nami nakiandika kama alivyokisema, bila kusahihisha: "Baba yako alishakusamehe zamani. Haukuona vile alikupatia mikono?"

Ukauliza, "Mikono gani?"

Riziki, nilielewa kila neno. Ilikuwa mara ya kwanza katika nchi hii kusikia mtu akisema jambo zima kwa Kiingereza nami nikaelewa tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuomba lirudiwe. Nimekielewaje, nitakueleza mbele. Kwanza sharti nirudi nyuma, maana hesabu ya makosa katika habari hii haianzi na wewe.

Unajua kwamba nilisomea ualimu ng'ambo ya ziwa, Kigoma, tulipokuwa wakimbizi. Mwalimu wangu alikuwa akitupiga vidole kwa rula kwa kila kosa la upatanisho. Nilikipenda Kiswahili sanifu kama mtu apendavyo kitu alichokipata kwa maumivu. Tulipofika Birmingham ulikuwa na miaka minane, nami nilipelekwa darasa la Kiingereza. Mwalimu alikuwa binti mdogo, mwenye subira. Akaniwekea mbele karatasi yenye picha ya tofaa, ya paka na ya kofia, akaniomba nizitaje. Mimi, niliyekuwa nimesimama chini ya turubai mbele ya watoto themanini nikiwafundisha kuandika insha, nitaje tofaa. Nilihudhuria wiki mbili. Kisha nikamwambia mama yako kwamba darasa lile ni la watoto, na kwamba Kiingereza kitatufuata chenyewe polepole. Hakikutufuata. Kilikufuata wewe.

Ukiwa na miaka tisa ulikuwa ukizungumza na mwenye nyumba kwa simu kuhusu boila ya maji ya moto. Ukiwa na miaka kumi uliketi kati ya mama yako na daktari, miguu yako haijafika sakafuni, ukamweleza daktari habari za uzazi wa mama yako ambazo mimi mumewe nilikuwa sijazisikia. Kila barua iliyoanguka mlangoni ilikusubiri utoke shule. Nami nilijisifu. Nilisimama kanisani nikasema, "Riziki ndiye macho yetu," na watu wakaitikia amina. Hakuna aliyeuliza kama macho hayo hupumzika. Na jioni, mezani, baba huyo huyo alikukataza kusema Kiingereza mbele ya chakula.

Ulikuwa na miaka kumi na minne mpima macho wa dukani alipogundua presha katika macho ya mama yako. Ulitafsiri sawasawa: si jambo la kuchezea, hospitali itawaandikia barua. Barua ikaja. Siku iliyotajwa ilikuwa siku ambayo darasa lako lilikuwa linakwenda Wales kuona bahari. Safari mbili za darasa zilikuwa zimekwisha kukupita kwa sababu ya miadi yetu. Ukatuambia kwamba barua ile ni tangazo la duka la mazulia. Ulidhani wataandika nyingine, nao wakaandika. Lakini ya pili ilisema kwamba ya kwanza haikujibiwa, na hapo hofu ikakuingia, ukaificha barua hiyo pia. Ya tatu hukuifungua kabisa. Haya yote uliniambia mwenyewe baadaye, sikuongeza chochote. Mama yako alikuwa akiuliza, "Bado hawajaandika?" Nawe ulikuwa ukijibu, "Bado." Nasi tukailaumu hospitali kwa kukawia, na kanisani kila mtu akatuunga mkono.

Karibu mwaka ulipita. Asubuhi moja mama yako akanimiminia chai kando ya kikombe.

Siku tulipofika hospitalini walikuwa wamempata mkalimani wa simu, kwa hiyo hukuwa na kazi. Ulikaa ukutani na mkoba wako wa shule mapajani. Simu ilikuwa mezani, na sauti ya mwanamume mwenye lafudhi ya Mombasa ikatoka humo, Kiswahili kizuri kabisa: "Daktari anasema jicho la kushoto halitaona tena. La kulia wanaweza kuliokoa. Anauliza pia, barua tatu zilitumwa, je, hamkuzipata?" Nilikuwa karibu kujibu hapana, kwa hasira. Nikageuka kukutazama, nikaliona jibu.

Tulikuwa ndani ya basi, tukikaribia nyumbani. Ukaniambia kwa Kiswahili, "Nilichoka, Baba." Nami nikakujibu, mbele ya abiria ambao kwa bahati njema hawakutuelewa, "Umeliuza jicho la mama yako kwa safari ya siku moja."

Nimeyaandika maneno hayo kwa sababu siwezi kuyafuta bila kwanza kuyataja. Hayakuwa kweli. Hukuuza kitu. Kosa lako lilikuwa kubwa, na sitalipunguza, maana nikilipunguza utajua kwamba nakubembeleza. Lakini lilikuwa kosa la mtoto aliyebebeshwa mzigo wa watu wazima wawili, akautua siku moja ili aone bahari, kisha asijue namna ya kuuinua tena.

Mama yako hakuchukua hata siku mbili. Aliketi kwenye cherehani yake, akakuita, akakupa sindano na uzi. "Tunga, mama yangu," alisema. "Hii jicho ingine itazoea." Ukatunga huku unalia, na kati yenu ikawa imekwisha. Mpaka leo unamtungia, na mara nyingine nashuku kwamba anaweza kutunga mwenyewe.

Mimi nilishika njia nyingine. Katika nyumba yetu, chakula cha Jumapili hakiguswi kabla mtoto hajaleta jagi na beseni akamnawisha baba, kisha mama, kisha wageni. Tangu ulipoweza kubeba jagi bila kulimwaga, kazi hiyo ilikuwa yako. Jumapili ya kwanza baada ya hospitali ulikuja na jagi, taulo begani. Nikainuka, nikaenda kunawa kwenye bomba la jikoni. Jumapili iliyofuata vivyo hivyo. Nilifanya hivyo mwaka mmoja na miezi minne, Riziki. Kila Jumapili ulileta jagi, na kila Jumapili niliinuka. Sikukupiga, sikukufukuza, sikukutangaza kanisani, na nilijihesabia hayo kuwa upole.

Kuna jambo ambalo sijawahi kukueleza. Uchungu huo naujua, na naujua kwa upande wa mtoto aliyeshika jagi. Nilikuwa na miaka kumi na sita baba yangu aliponipa hati ya shamba letu niipeleke kwa chifu, kwa kuwa jirani alikuwa ameanza kusogeza mpaka. Njiani palikuwa na mchezo wa mpira. Nilisimama nikatazama kipindi kimoja, na nilipoondoka hati haikuwamo mfukoni. Tukapoteza nusu ya shamba la mihogo. Baba akaacha kunawa mikononi mwangu. Alikuwa akishika jagi kwa mkono mmoja na kujimiminia mwingine, maji mengi yakienda ardhini, nami nimesimama kando na taulo. Nilingoja aseme. Kisha vita vikaja, nikavuka ziwa, yeye akabaki, akafariki huko. Sijui mpaka leo kama alikuwa amenisamehe. Tangu Jumamosi nimekuwa nikiwaza kwamba labda alinionyesha kwa ishara fulani, nami sikuiona.

Nasema hivyo kwa sababu ya Jumapili ambayo mama yako alikuwa akikukumbusha pale jikoni. Siku hiyo uliliweka jagi mezani bila kunitazama, ukageuka kwenda zako. Ulikuwa umekwisha kukata tamaa. Ulilileta kwa kuwa ni Jumapili tu. Nikalitazama lile jagi, nikamwona mvulana wa Uvira na taulo lake. Sikuinuka. Nikanyoosha mikono yote miwili juu ya beseni, nikangoja. Ulisimama kidogo, ukarudi, ukamimina. Mama yako akainamisha kichwa. Nilikula siku hiyo kama mtu aliyetua gunia, nikaomba sombe mara ya pili. Kwangu mimi mambo yalikuwa yamekwisha. Kwetu, mzee aliyekuwa akiyakataa maji ya mtoto akiyanyooshea mikono, hakuna mtu mezani anayehitaji maelezo.

Lakini wewe umekulia Erdington. Ulimwambia mama yako, nami nasikia, kwamba siku ile ulifikiri magoti yamenizidi, sitaki tena kuinuka. Magoti yananiuma, ni kweli. Basi msamaha wangu ulikufikia kama habari za magoti. Nilikupelekea barua kwa lugha usiyoisoma, kisha nikakaa zaidi ya miaka miwili nikidhani umeipata.

Sasa nikueleze habari za Kiingereza. Unamjua Mzee Balwant, jirani yetu mwenye kilemba, mzaliwa wa Kisumu, ambaye Kiswahili chake hunitia uchungu kila anapofungua kinywa. Baada ya habari za jicho kuenea mtaani, alinikuta kwenye kituo cha basi akaniambia, "Mwalimu, wewe unajua Kiswahili yote ya dunia, lakini barua ni mtoto anakusomea. Sasa hapo mwalimu ni nani?" Nilimkasirikia wiki nzima. Nilitafuta hoja ya kumjibu, nikapata moja tu, kwamba Kiswahili hakisemwi hivyo. Haikutosha.

Jumanne na Alhamisi, unapodhani kwamba nakwenda kwake kucheza drafti, nakwenda maktaba, kwenye darasa la Kiingereza. Ni zaidi ya miaka miwili sasa. Mzee Balwant hunifichia. "Kila wiki mimi nadanganya bibi yako," hunilalamikia, "na hiyo drafti yenyewe sijui kucheza." Nilikuficha jambo hilo kwa kiburi kile kile kilichonitoa darasani mara ya kwanza, sikutaka unisikie nikibabaika. Mama yako naye hajui, au anajua na amenyamaza, na hilo la pili ndilo desturi yake. Siku ya kwanza, mwalimu aliniwekea mbele karatasi yenye picha ya tofaa. Nikalitaja.

Jumatatu wiki hii barua ya hospitali iliangukia mlangoni ulipokuwa bafuni. Niliichukua, nikaketi na kamusi karibu saa nzima. Jicho la kulia la mama yako litapimwa tena mwezi ujao. Siku na saa nimeziandika kwenye kalenda ya kanisa iliyo jikoni, na chini yake nimeandika basi la kupanda. Palikuwa na sentensi moja iliyonishinda, nikampelekea Mzee Balwant. Akasema inatukataza kuja tukiendesha gari, kwa sababu matone yatamfifishia macho. Hatuna gari. Kwa hiyo hakuna kilichopotea.

Barua za mama yako nitazisoma mwenyewe, Riziki. Usirudi nyumbani kwa ajili ya barua. Rudi kwa ajili ya sombe.

Na barua zako mwenyewe utakazopata huko, ifungue kila moja siku inapofika, hata ile ambayo bahasha yake tu inakutisha. Mimi na wewe tunajua jinsi barua inavyokua ikikaa gizani. Nilisema sitakuagiza lolote. Hilo limenitoka, liache lilivyo.

Sitakuambia kwamba nimesahau. Mama yako anapogeuza kichwa chote ili amwone mtu aliye kushoto kwake, kitu hunichoma bado. Zamani kilinichoma juu yako. Siku hizi hunichoma juu yangu, nacho kinapungua, maana yeye mwenyewe ameamua kuniketisha upande wa kushoto kila tunapokula. Nilipomuuliza sababu alisema, "Weye nilishakuona ya kutosha." Kisha akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Nyumba yenye kicheko cha namna hiyo si nyumba iliyoharibika. Ningependa uende nayo hivyo, kama ilivyo, wala si kama ilivyokuwa mwaka ule.

Sasa naandika kwa maneno, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Nimekusamehe. Nilikusamehe Jumapili ile, kabla maji hayajagusa vidole vyangu. Nawe unisamehe mimi: kwa neno la ndani ya basi, kwa kila Jumapili niliyoinuka, na kwa kukufanya macho yetu wakati wewe mwenyewe ulikuwa na haki ya kutazama mambo ya rika lako. Sikuombi jibu la haraka. Ulingoja miaka minne. Mimi nami naweza kungoja.

Sikusihi ubaki, wala sisemi uchague Selly Oak. Masomo unayoyataka yako Newcastle, yafuate. Nilichotaka ni kwamba umbali huo uwe wa masomo tu, isiwemo hata hatua moja ya kunikimbia mimi.

Nasikia ufunguo mlangoni. Mama yako anacheka, kwa hiyo amepata blanketi jekundu alilolitaka. Leo si Jumapili, lakini nimekwisha kuweka beseni mezani, na taulo safi. Mtakapoketi, atakayeshika jagi ni mimi. Kwetu mzee hamnawishi mtoto. Sijawahi kuona jambo hilo likifanyika, na mama yako atauliza kama nina homa. Safari hii sitaiachia ishara peke yake. Nitakapokuwa namimina nitasema, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza. Nimejizoeza tangu Jumapili, nikiwa peke yangu bafuni. Barua hii ni ya yale nitakayoshindwa kuyamaliza.

Utakapoisoma, mbele ya sufuria yako, itakuwa imekwisha kutendeka. Kiingereza changu kitakuwa kimenitoka vibaya, najua. Kama ulicheka, ulikuwa na haki. Kama uliniheshimu ukanyamaza, basi nisahihishe utakaporudi.

Mimi ni baba yako, niliyeshika jagi.